Mgonjwa wa homa botini si picha ya mapenzi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipokuwa mwalimu kijana, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza. Ni ile taarifa yenu ya mke na mume waliokodi boti hapa Kigoma wakaenda kutazama mawe na samaki wa ziwani, mke akiwa na homa tangu siku ya kwanza mpaka wanarudi. Unaikumbuka, maana mliipa picha ya nusu ukurasa.

Mwandishi wenu anasema mume alimshika mkewe mkono boti ikipenya kati ya miamba, na kwamba mapenzi ndiyo yaliyowavusha. Mapenzi hayavushi boti. Aliyewavusha ni nahodha, na huyo hamkumpa hata sentensi moja. Homa nayo mmeiita "uchovu wa safari". Mtu anatetemeka juani saa saba mchana, anatapika maji matupu, tena Kigoma hii, mnamwita mchovu? Mtoto yeyote wa hapa Ujiji angewaambia mama huyo akapimwe malaria kwanza, boti baadaye. Na ile picha: mgonjwa amelala, boya la kuokolea amelilalia kama mto. Boya huvaliwa kifuani na kufungwa kamba zake. Nani pale ofisini kwenu aliitazama picha ile akaona inafaa?

Ninasema hivi kwa sababu safari ya namna hiyo nimeisafiri, na hakuna aliyekuja kutupiga picha.

Mwishoni mwa Mei 2021 nilikuwa nafundisha katika kijiji kimoja kaskazini mwa Gombe, mwaka wangu wa mwisho kazini. Mume wangu alikuja kunitembelea, na siku ya nne homa ikampanda. Zahanati walimpima, wakakuta malaria, wakampa dawa ya mseto. Kila kidonge kikishuka, dakika kumi hazipiti kinarudi. Jioni akaanza kuniita kwa jina la marehemu mama yake. Mganga akaniambia wazi kwamba huyu sasa anataka sindano ya artesunate, sindano zimekwisha, nimpeleke mjini usiku uleule nisingoje kuche. Gari lilikuwa halifiki kule, mlima umesimama mpaka majini. Tulichobahatika ni mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi wa dagaa hazivuti samaki na boti hulala ufukweni. Mzee mmoja mvuvi alikuja mlangoni kwangu akasema, "Mama mwalimu, mleteni." Habari ya pesa hakuitaja.

Tulimlaza juu ya nyavu, kichwa mapajani mwangu, nikamfunika kanga mbili na blanketi. Meno yake yalikuwa yakigongana nikayasikia pamoja na mlio wa injini. Nje, mbali na pwani, kusi ilikuwa imeanza kuvuma na boti ndogo kama ile isingeweza mawimbi, kwa hiyo ilibidi tushike pwani, na pwani ndiko kwenye mawe. Mwaka ule, Mhariri, ziwa lilikuwa limejaa kuliko nilivyowahi kuliona. Maji yaliingia kwenye nyumba za watu, miti ikabaki imesimama ndani ya maji. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo, kwa hiyo likishajaa halina haraka ya kupungua. Mawe ambayo mzee yule ameyapita tangu utotoni, anayoyajua lipi la kuacha kulia na lipi la kuacha kushoto, yote yalikuwa yamezama shubiri moja au mbili chini ya maji, na mwezi ulivyokuwa unang'aa juu huoni kitu. Kijana wake alisimama omo na upondo, anachoma maji mbele ya boti, anapiga kelele, "Kulia! Kulia tena! Taratibu!" Mzee anazima injini, anaiwasha, anaizima. Ikizimika, ninamsikia mume wangu akizungumza na watu ambao mimi siwaoni. Halafu tukasikia sauti chini yetu, ndefu, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Ubao ulipasuka na maji yakaanza kupanda kwenye zile nyavu alizolalia. Mzee akavua shati, akalichana, akalishindilia kwenye ufa kwa ncha ya kisu, kisha akanitupia nusu ya dumu. "Mama mwalimu, chota maji mwaga nje. Mgonjwa usimtazame." Nilikiweka kichwa cha mume wangu kwenye mbao nikachota maji. Kila boti ikiruka nilisikia kichwa kinagonga, na mimi nachota. Hivyo mpaka ufukwe wa Kibirizi, hapa Kigoma, na viganja vyangu vilikuwa vimechubuka vyote viwili. Sasa niambie, mshika mkono yuko wapi hapo? Ningekuwa kama yule mume wenu wa gazetini, nimekaa nimemshika mgonjwa mkono, tungezama sote wanne.

Tukafika alfajiri, boti haikuweza kugusa nchi kavu. Vijana wawili wakaingia majini mpaka kiunoni, na kabla hawajamgusa mgonjwa wakataja bei, tena kubwa kuliko ya kushusha gunia la dagaa. Mama mmoja aliyekuwa akingoja samaki wake wa migebuka akaweka beseni chini, akasema "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, kwa utulivu kabisa, akaingia majini na nguo zake akashika miguu. Nikashika mabega. Hili la ubebaji nalo lingefaa kuandikwa siku moja: wajawazito, wazee, watu waliofungwa bandeji, wote wanashushwa mgongoni kama mizigo, na anayembeba ndiye anayepanga bei huku mtu yuko juu ya maji hana pa kwenda. Mbona hilo halina picha ya nusu ukurasa? Mwandishi akija Kigoma anataka sokwe. Sokwe wa Gombe wameandikwa tangu mtafiti Jane Goodall alipofika mwaka 1960, na sina ubaya nao, nimewapeleka wanafunzi wangu kuwaona na walifurahi sana. Lakini boti inayompeleka mwandishi Gombe inapita mbele ya vijiji vyetu, na watu wanaomtazama kutoka ufukweni wana wagonjwa ndani. Mwaka 2015, Warundi maelfu kwa maelfu walipofurika pale Kagunga, kijiji cha mpakani, na kipindupindu kikawaingia, dunia nzima ilitambua kwa wiki chache kwamba kulikuwa na sehemu ya mkoa huu ambayo mgonjwa alitoka kwa maji tu. Meli ya Liemba ikawabeba, waandishi wakaondoka, na sisi tulibaki na ziwa letu na mawe yetu.

Mume wangu alipata sindano ya kwanza asubuhi ile, ya pili jioni, ya tatu asubuhi iliyofuata, kama utaratibu ulivyo. Baada ya ile ya tatu alifumbua macho akaniuliza migebuka inauzwaje. Yupo, namshukuru Mungu, ila sikio la kushoto halisikii. Mzee mvuvi alikataa nauli. Nilimnunulia shati.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza mrudieni yule nahodha wa wale wanandoa mumhoji, mumuulize amejifunzaje mawe na anayapitaje, mwandike alivyosema kwa maneno yake. Mkifanya hivyo mtakuwa mmewafaa vijana wanaoshika injini siku hizi bila kusimama omo hata mwaka mmoja. Mwandike pia kwamba mwenye homa asipande boti ya matembezi hata kama amekwisha lipia, na kwamba anayetapika dawa ya mseto arudi zahanati haraka, asingoje kuona kama kesho itakaa tumboni.

Pili ni hayo mawe. Ziwa hupungua wakati wa kiangazi, na kufika Oktoba, kabla mvua hazijachanganya, mawe mengi huwa yametoa vichwa. Huo ndio wakati wa kuyapaka chokaa nyeupe, kuanzia kichwani mpaka maji yanapoanzia, upande wa ziwani na siyo wa pwani. Yale yasiyochomoza yafungiwe madumu ya njano ya lita 20, matupu, yaliyozibwa vizuri, kamba iwe ndefu kuliko kina kwa mikono minne ili maji ya Mei yasiyazamishe, na kila dumu livishwe kitambaa chekundu shingoni. Wazee watatu wanaoyajua mawe, boti moja, kazi ya siku mbili. Wenye mamlaka na vyombo vya majini waje wasimamie, wasipoweza watupe ruhusa.

Tangazeni tu tarehe. Chokaa mifuko miwili nimeshanunua, iko kibarazani kwangu imefunikwa turubai, na brashi ya mpini mrefu mume wangu ameifunga jana.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma