Kijana wako wa darasa la nne

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi wazima, mvua tu ndiyo inatuchosha.

Umeniuliza utamwonyesha vipi mwalimu mkuu kwamba kijana wako, huyo mwanafunzi unayemshauri, anabadilika, wakati mwalimu mkuu kila siku ni "mbona bado mtundu?" Shoga, utundu hauhesabiki. Chagua kitu kimoja cha kuonekana kwa macho, kwa mfano kuinuka kwenye dawati bila ruhusa, na kila akiinuka piga mstari. Kipindi kiwe kilekile. Leo hisabati kesho michezo, utajidanganya. Na anza kuhesabu kabla hamjaanza hayo mazungumzo yenu ya asubuhi ya kumshauri, la sivyo utalinganisha na nini?

Kitabu cha adhabu usikifanye kipimo, achana nacho. Kanuni zinataka kila kiboko kiandikwe, sawa, ila mle utasoma zaidi hasira za walimu. Wiki akishika zamu mpole, shule nzima imeokoka!

Mwaka 1969 huko Kansas, Marekani, walijaribu mchezo na darasa la nne la watoto 24. Timu mbili, anayeropoka au kuinuka anaitia timu yake alama ubaoni. Katika hisabati, kuropoka kulishuka kutoka asilimia 96 ya nyakati walizoangalia hadi 19. Mimi nilipenda walichofanya baadaye: mchezo ukasimamishwa, fujo zikarudi, ukarejeshwa, zikashuka tena. Wewe usimkatishe mtoto msaada makusudi, lakini ukiitwa semina, mwombe mwenzio aendelee kupiga mistari, uone.

Pembeni ya mstari andika kilichotangulia. Nilikuwa na mmoja, mistari yake yote ilijazana wakati wa kusoma kwa sauti kwa zamu. Zamu yake ikikaribia, kalamu inaanguka, naye anaifuata hadi dawati la nyuma. Kumbe hajui kusoma. Nikahamia kuhesabu maneno anayosoma kwa dakika moja. Yalipoongezeka, kalamu ikatulia mezani.

Jumatatu zitakuvunja moyo, nakuambia mapema. Wala wiki moja nzuri usiipeleke ofisini, subiri zifuatane.

Nipigie picha karatasi ya wiki ya kwanza unitumie, hata kama imejaa. Shemeji na watoto wasalimie sana.

Wako,
Mama Nuru