Ushuru wa Trump: aliyelipa arudishiwe bila kufungua kesi

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu yaliandika kwamba Kenya inatozwa ushuru wa asilimia 10 na Marekani. Naomba kusahihisha: aliyetozwa ni mimi.

Naishi Baltimore na ninaagiza vyondo, yaani vikapu vya kusukwa, kutoka kwa akina mama wa Machakos. Tangu Aprili 5, 2025, aliyelipia nyongeza hiyo forodhani ni mwagizaji, si muuzaji wala serikali yake. Mzigo wangu wa Juni ulikuwa wa dola 6,400, nikalipa dola 640 juu. Nilizitoa kwenye fedha za oda iliyofuata. Mama mmoja alikuwa ameshapaka mkonge rangi kwa ajili ya vyondo 40, na ikabidi nimpigie simu nimwambie asubiri. Hadi leo anasubiri.

Katiba ya Marekani inalikabidhi Bunge mamlaka ya kutoza ushuru. Rais Trump aliegemea sheria ya dharura ya mwaka 1977, inayomruhusu Rais kudhibiti uagizaji wa bidhaa. Nimeisoma sheria hiyo, na neno ushuru halimo. Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, iliyoko New York, iliamua Mei 28, 2025, kwamba amevuka mipaka, katika kesi iliyofunguliwa na wafanyabiashara wadogo, akiwemo mwagizaji wa mvinyo. Agosti 29 mahakama ya rufaa nayo ikasema hivyo hivyo, majaji 7 kwa 4. Ushuru ukaendelea kukatwa. Novemba 5 shauri lilisikilizwa Mahakama ya Juu, na Februari 20, 2026, ikaamua kwamba sheria hiyo haimpi Rais mamlaka ya kutoza ushuru.

Kinachoninyima usingizi ni marejesho. Kwa kawaida forodha hufunga hesabu ya mzigo siku 314 baada ya kuingia nchini, kisha mwagizaji anabaki na siku 180 za kuweka pingamizi. Kampuni kubwa zina mawakili wa kuhesabu siku hizo. Mimi nina wakala wa forodha anayenitoza kwa kila karatasi anayoishika.

Shauri liliposikilizwa, Jaji Amy Coney Barrett wa Mahakama ya Juu alisema marejesho yanaweza kuwa vurugu. Kwa nini yawe? Forodha wana jina langu, namba ya mzigo, tarehe na kiasi nilicholipa. Kwa kuwa Rais ameonekana hakuwa na mamlaka, kila aliyelipa arudishiwe kwa kumbukumbu hizo hizo, bila kuomba wala kushtaki.

Stakabadhi ya Juni ninayo. Zile dola 640 zikirudi, nampigia yule mama siku hiyo hiyo.

Mwagizaji mdogo,
Baltimore, Marekani