Barua kwa kaka: fidia ya mkwe wangu na shamba la baba

Mississippi, Agosti 2024

Kaka yangu Baba Upendo,

Shikamoo. Mfikishie mama shikamoo yangu pia, na umwambie zile dawa za presha nilizotuma asimgawie mtu, hata akiombwa kwa machozi. Sisi huku hatujambo. Kazi ipo, joto la mwezi huu ni kali, mgongo unauma na kupona. Shemeji yako anakusalimu.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, nimeusikiliza mpaka mwisho. Kesho yake baba mdogo akanipigia na maneno yale yale: Marekani imewalipa wakulima weusi dola bilioni mbili, ukweni kwa binti yetu ni wakulima weusi, na binti yetu kanyamaza. Kumbe umeshafika hadi kwa shangazi kule Mlowo kumweleza kwamba nimelipwa na nimeficha, na kwamba ndiyo maana sijatuma kitu tangu Pasaka. Kaka, hilo limeniuma. Tumenyonya ziwa moja. Ulishindwaje kuniuliza mimi kabla ya kuuliza ukoo?

Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Barua hii naomba isomwe kwa sauti nyumbani kwa mama, baba mdogo akiwepo.

Kwanza kabisa, fedha ile ni ya mkwe wangu, baba wa mume wangu. Si yangu, wala si ya shemeji yako. Na yeye hakuipata kwa kuwa ana bahati ya kuzaliwa Marekani.

Mzee alianza kulima pamba na soya kabla mume wangu hajazaliwa. Huku mkulima hupanda kwa mkopo. Mbegu, mbolea, dizeli, vyote anakopa, halafu analipa akishavuna. Mkopo wa Machi ukitoka Juni, huo si mkopo tena, ni kamba ya shingoni. Mikopo ya Wizara ya Kilimo iliamuliwa wilayani, kwa kamati za wakulima waliopigiwa kura na wakulima wenzao, na kule kusini kamati hizo zilikuwa karibu zote za wazungu. Mkulima mweusi aliambiwa fomu zimekwisha, njoo wiki ijayo. Akirudi, aliambiwa mhusika hayupo. Wengine walipewa hela wakati pamba ya jirani imeshafika magotini. Aliyeshindwa kulipa, shamba lake lilipigwa mnada kwenye ngazi za mahakama. Shamba la kaka yake mkwe liliondoka hivyo hivyo, na mpaka leo tukipita pale kwa gari mzee huangalia upande wa pili.

Utauliza mbona hawakulalamika. Walilalamika. Lakini mwaka 1983, wakati wa Rais Reagan, kitengo cha wizara kilichochunguza malalamiko ya ubaguzi kilivunjwa, barua za watu zikabaki zinarundikana bila wa kuzishughulikia. Mwaka 1920 nchi hii ilikuwa na wakulima weusi zaidi ya 925,000. Ilipofika 1992 hawakufika 19,000. Soma tena hizo namba, kaka, kisha ndiyo uniambie habari ya kumwagiwa fedha.

Mwaka 1997 mkulima wa North Carolina aitwaye Timothy Pigford, pamoja na wenzake, aliishtaki wizara. Ilikuwa kesi ya pamoja: wachache wanasimama mahakamani kwa niaba ya maelfu wenye dhuluma ya aina moja. Muda wa kisheria wa kushtaki ulikuwa umeshawapita wengi wao, ikabidi Bunge lipitishe sheria mwaka 1998 kuwaondolea kikwazo hicho. Aprili 1999 Jaji Paul Friedman akayakubali mapatano. Uamuzi wake aliufungua kwa kukumbusha zile ekari arobaini na nyumbu ambazo watumwa walioachwa huru waliahidiwa na hawakupewa. Mkwe ameuchapisha ukurasa ule na kuubandika ukutani jikoni.

Sasa sikiliza masharti, maana ninyi mnadhani watu walipanga mstari wakahesabiwa noti. Aliyechagua njia ya haraka, waliyoiita njia A, angepata dola 50,000 na kufutiwa deni linalohusika. Lakini ilimpasa aonyeshe kwamba alilima au alijaribu kulima kati ya Januari 1981 na Desemba 1996, kwamba aliomba mkopo au msaada akabaguliwa, kwamba kuna mkulima mzungu wa hali kama yake aliyetendewa vizuri zaidi, na kwamba alilalamika kabla ya Julai 1997. Mkulima wa kijijini ajue faili la jirani yake mzungu limeandikwa nini! Na kumbukumbu nyingi zilikuwa kwenye makabati ya walioshtakiwa. Katika wale waliowahi na kupokelewa, karibu theluthi moja walikataliwa.

Mkwe hakuwa hata katika hao. Mwisho wa kudai ulikuwa tarehe 12 Oktoba 1999, na habari zilimfikia siku zimepita. Wakaruhusu maombi ya waliochelewa hadi Septemba 2000, lakini kwa sababu nzito tu, na kusema "sikupata taarifa" haikuhesabiwa kuwa sababu. Waliomba zaidi ya watu 60,000. Walioruhusiwa hawakufika 3,000. Mzee alijibiwa kwa barua fupi sana.

Miaka ikaenda. Wakulima waliendelea kupiga kelele Washington, mpaka sheria ya kilimo ya 2008 ikawafungulia mlango waliochelewa, na 2010 yakafikiwa mapatano ya pili, dola bilioni 1.25. Obama alitia saini sheria ya kutoa fedha hizo Desemba mwaka huo. Mwisho wa kudai ukawekwa tarehe 11 Mei 2012.

Hapo nataka mama asikie vizuri, kwa sababu ni jambo ninalojivunia kuliko yote niliyoyafanya tangu nivuke bahari. Mzee alikuwa ameshakataa. Alisema hajazi tena fomu ya mtu. Watoto wake wenyewe walimwacha. Ni mimi, mkwe wa kutoka Mbozi, niliyekaa naye mezani jioni baada ya jioni nikitoka kazini. Mnajua kazi yangu hospitali ni kumbukumbu za wagonjwa, karatasi hazinitishi. Nilitoa kila kilichokuwa kwenye maboksi chini ya kitanda: risiti za mbegu, stakabadhi za kodi ya ardhi, hesabu za kiwanda cha kuchambua pamba, na katikati ya risiti za dizeli nikaikuta barua ya kumnyima mkopo, yenye tarehe na saini. Mzee alikuwa na hakika ilishachomwa zamani. Nilimtafuta mzee mwenzake wa kanisani, asiye ndugu, aliyefuatana naye siku ile alipokwenda kulalamika, akaandika ushahidi wake na kutia saini. Alipita pia mtu mmoja akijaza watu fomu kwa ada. Nikamwambia mkwe asitoe hata senti, maana mawakili wa kesi yenyewe walikuwa wakifanya mikutano na kusaidia watu bure. Hata majirani waliofiwa na waume niliwasaidia, kwa sababu warithi nao waliruhusiwa kudai kwa niaba ya marehemu, ila kwanza uonyeshe cheti cha kifo na karatasi kwamba ndiwe msimamizi. Tukapeleka kabla ya mwisho, nikabaki na nakala ya kila ukurasa.

Mwaka uliofuata jibu likaja. Amekubaliwa. Nchi nzima walikubaliwa zaidi ya 17,000, na maelfu wengine wakaambiwa hapana. Siku ile mzee aliniita "binti yangu" mbele ya watoto wake wote. Baba angekuwepo angefurahi.

Ile 50,000 ililipa madeni, ikaezeka paa, ikaisha. Trekta moja kubwa jipya huku ni zaidi ya hiyo mara kadhaa. Hiyo ndiyo bei waliyompa ya miaka yote ile, na shamba la kaka yake halikurudi.

Hiki mlichokisikia sasa ni kingine, wala si cha kesi. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kufutiwa madeni kwa wakulima weusi na wengine waliobaguliwa, wakulima wazungu wakaenda mahakamani, mpango ukasimamishwa. Mwaka uliofuata sheria ile ikafutwa, zikatengwa dola bilioni 2.2 kwa yeyote aliyebaguliwa katika mikopo ya kilimo ya wizara, wa rangi yoyote. Fomu ilikuwa na kurasa kama 40, mwisho 13 Januari mwaka huu. Tarehe 31 Julai wametangaza waliolipwa: zaidi ya watu 43,000. Wenye mashamba wamepata kati ya dola 10,000 na 500,000. Wale waliotaka kulima wakanyimwa mkopo hata wasianze, na ndio walikuwa karibu nusu, wamepata kati ya 3,500 na 6,000. Gawanya sasa hizo bilioni zako.

Mkwe amepata, ndiyo. Kiasi nakijua kwa sababu barua niliifungua mimi, lakini si changu kukitangaza, na baba mdogo asinipigie kuniuliza. Wajukuu wote amewapa kidogo cha shule. Hicho ndicho kilichoingia nyumbani kwangu.

Tangu Pasaka sijatuma kwa sababu zangu ambazo si za kuandika. Zimekwisha, nitatuma.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Dada yetu Mama Neema ameniambia kwamba unataka kuuza upande wa barabarani wa shamba la baba kwa yule mfanyabiashara wa Tunduma, na kwamba mmeshakubaliana muandikishiane kwa mwenyekiti wa kitongoji. Pale ndipo ilipo kahawa aliyoipanda baba kwa mikono yake. Mimi huku nikifumba macho naona maua yake meupe baada ya mvua za kwanza, na harufu inavyoingia mpaka chumba cha wasichana. Unajua nimekunywa kahawa ya kila aina katika nchi hii? Hakuna hata moja.

Kaka, baba amekufa hatujafungua mirathi. Shamba halina hati. Unauza kwa jina la nani? Huku wazee wengi weusi walikufa bila wosia, ardhi ikabaki ya warithi wote na haina jina la mtu. Mtoto mmoja aliyehamia mjini akauza fungu lake kwa mgeni, na yule mgeni akaenda mahakamani kudai shamba zima liuzwe wagawane. Likauzwa, tena kwa bei ya kutupa, na waliokuwa wakiishi humo wakahama. Familia zilizopona ubaguzi wa mikopo zikamalizwa na hilo. Nimewaona, nimekaa nao kanisani. Sitakaa kimya niyaone nyumbani kwetu.

Kwa hiyo nasema wazi: mimi sikubali kuuza, na sitakubali. Mimi ni mtoto wa baba kama wewe. Dada Mama Neema ni mtoto wa baba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ile ya 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki, kwa hiyo maneno ya kwamba wasichana tumeolewa basi tumekwisha yaache.

Fanya hivi. Itisha kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe na kila aliyehudhuria aweke saini. Cheti cha kifo anacho mama, kwenye begi la kijani. Peleka vyote Mahakama ya Mwanzo, aombewe msimamizi wa mirathi, na mimi napendekeza awe Mama Neema, kwa sababu yupo, anajua kusoma mahesabu na hakopi. Akishateuliwa, muende ofisi ya kijiji mkaombe hati ya kimila yenye majina yetu wote na la mama likiwa la kwanza. Mpaka wa upande wa mtoni uonyeshwe na mzee wa jirani angali hai, maana akifa yeye tutagombana na wanawe.

Fedha za kazi hiyo, nauli, ada na chakula cha wajumbe, nitazituma kwenye simu ya mama mwisho wa mwezi huu. Nitataka risiti na picha za kila karatasi. Ya pikipiki sitatuma. Ada ya Upendo ya muhula ujao nitailipa moja kwa moja shuleni, kwa kuwa mtoto hana kosa.

Jumamosi nitapiga saa mbili usiku kwa saa zenu. Muwe wote kwa mama, na Mama Neema aje na daftari. Yule mfanyabiashara kama ameshakupa chochote, umrudishie kabla ya siku hiyo, mbele ya shahidi, akuandikie kwamba amepokea.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Baraka