Kaka, zile hatua arobaini na moja

Kaka, shikamoo.

Tangu Februari simu zangu huzipokei, na wifi akipokea ananiambia umelala, hata kama ni saa kumi na moja jioni. Nimesikia kwa shangazi kwamba umeongeza mkataba pale Sinza, mwaka mzima, umelipa kwa mkupuo. Sikulaumu kwa kupanga. Nimepanga miaka 14, najua kuna nafuu yake: bomba likipasuka unampigia mwenye nyumba, kazi ikihamishwa nawe unahama. Ninachotaka tuongee ni zile hatua ulizohesabu siku ya dua ya nyumba yetu hapa Chanika.

Dua ilikuwa imeshasomwa, wali umeshapakuliwa. Ukaegesha gari ng'ambo, mama akasimama kibarazani na khanga yake mpya, akijua unaingia. Hukuingia. Ulirudi mpaka katikati ya lami, ukasubiri daladala ipite, ukaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Watu walidhani ni utani, watoto wakawa wanahesabu nawe. Ulipogusa ukuta wa kibaraza ukasema arobaini na moja, ukamtazama mume wangu, mimi hukunitazama: "Shemeji, hatua yangu haifiki mita. Pimeni vizuri kabla hamjapiga plasta." Ukaondoka bila hata kunawa mikono.

Mama alibaki amesimama pale pale. Wageni wakala kimya kimya kama wamekuja msibani. Nikilala nasikia sauti za watoto wangu zikihesabu.

Nilipima, kaka. Jumatatu yake fundi alikuja na tepu. Mita 34 kutoka katikati ya barabara. Hii ni barabara ya mkoa, na Sheria ya Barabara ya 2007 inachukua mita 30 kila upande kuwa hifadhi ya barabara. Zinabaki nne. Wewe utasema nne si kitu. Mita nne ndiyo kina cha chumba cha mama.

Najua hatua zile zilianzia Kimara. Najua ile X nyekundu kwenye ukuta wa sebule yenu mwaka 2017, na mita 121.5 walizopima kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro, Kimara mpaka Kiluvya, wakati wenzenu wa barabara nyingine wanapimiwa 30. Ulikuwa na karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Ulikuwa na umeme na maji, kodi ya jengo ukilipa. Hukupata fidia hata ya mlango mmoja. Na mimi nikafika jioni ile, wifi amekaa juu ya godoro kando ya barabara, nikakwambia, "Kaka, si ulijua ni hifadhi ya barabara?"

Nilisema mbele ya mkeo na wanao. Nilikuwa nimebeba masufuria yenu tangu asubuhi, nimechoka, nina hasira na sijui nimkasirikie nani, wewe ukawa karibu. Lakini nilisema, na neno lile si la kumwambia mtu aliyesimama juu ya kifusi cha nyumba yake.

Ila mbona hukuhesabu na mengine? Miezi mitatu tulilala watu tisa katika vyumba vyangu viwili vya kupanga kule Tabata. Mwenye nyumba alipouliza mbona maji yanakwisha haraka, nilimdanganya kwamba nina wageni wa msiba. Mwenye nyumba huyo huyo, kodi aliipandisha kutoka 150,000 mpaka 300,000, na mwishowe akataka ya mwaka mzima, Sh 3,600,000 ndani ya wiki mbili, mama akiwa na bandeji jichoni. Tumehama mara tano, na kila mara dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kutuonyesha mlango. Kwenye kikao ulisema hela ikae benki, nyumba ni mtego. Hela gani ingekaa, kaka? Kila baada ya miezi sita ilikuwa inaondoka.

Na sikununua kwa kukurupuka. Kiwanja kimepimwa. Nilikwenda ofisi ya ardhi wakanifanyia upekuzi, hati ni ya muuzaji mwenyewe na haijawekwa dhamana popote. Nilikataa kutoa hata shilingi mpaka mke wa muuzaji aje, maana nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yake. Alikuja, akalia kidogo, akasaini. Riba ya mkopo wa nyumba waliyonitajia benki ilizidi asilimia 15, nikaachana nao, nikakopa SACCOS na kuongezea ya kikoba. Pagale lilikuwa limefika lenta. Tumepaua wenyewe, tumehamia bila gipsamu, choo bado cha nje, madirisha mawili tumeyaziba kwa mabanzi. Kuuliza maswali yote hayo nilijifunza kwako, kwa yaliyokupata. Nilitaka uingie uone.

Usiniambie baba hayumo katika hili. Siku ya lile kabati, tunatoka kota za reli, mvua ile ya Morogoro, baba na barua yake ya kustaafu mfukoni anauliza watu njiani kama kuna chumba. Wewe na yeye mlibeba kabati, mimi nilibeba droo. Ulikuwa na miaka 15. Uliniambia, "Mimi nitajenga, na wewe utakuwa na chumba chako." Na ukajenga. Chumba nilikipata kweli, kile cha dirisha la kwenye mwembe, nikakaa humo miaka yote ya chuo, hukuniomba hata hela ya umeme. Kwa hiyo siku ile tingatinga lilipopita, na mimi nilivunjiwa. Sikupata pa kulisemea, kwa kuwa nilitanguliza lile neno.

Nisamehe kwa neno lile. Hatua zako bado sijaziweza.

Mama nimemwambia ahamie chumba cha nyuma, huko hata barabara ikipanuliwa haimfikii. Amekataa. Anasema akilala huku mbele anasikia gari lako. Nilidhani ni utu uzima, mpaka nilipoliona mwenyewe. Jumapili mbili mfululizo, saa moja jioni, unapunguza mwendo pale kwa muuza mkaa, unasimama kidogo na taa zinawaka, halafu unaondoka. Kutoka Sinza mpaka Chanika hakuna mtu anayepita tu, kaka.

Geti hatulifungi mpaka saa nne usiku.