Yah: Malalamiko kuhusu vyombo vya besi mlivyoniuzia na maneno niliyoambiwa kaunta

Igogo,
Mwanza.

Meneja Mkuu,
Duka la Vyombo vya Muziki,
Mwanza Mjini.

Ndugu Meneja,

Salamu. Natumaini biashara inakwenda vizuri, maana kwa bei zenu isipokwenda vizuri basi kuna mtu anaiba humo ndani.

Naandika kuhusu amplifaya ya wati 500, kabineti mbili za spika na besi ya nyuzi 5, vyote vimetoka kwenu. Kadi ya waranti ya miezi 12 mliigonga mhuri wenyewe na masharti yake mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitapoteza wino kuwakumbusha. Nitaandika yale ambayo pengine hamkuambiwa.

Msimamizi wenu wa mauzo alinitamkia hivi mbele ya wateja waliojaa dukani: "Mzee wangu, chombo kizima. Kilichochoka ni vidole."

Naomba msome tena hayo maneno kabla hamjaendelea.

Nilipokuja kununua sikuja kubahatisha. Nilimweleza kijana wenu wa kaunta kazi yangu yote. Napiga kwenye bendi ya kumbi na harusi, mara nyingi nje, chini ya turubai, na Jumapili napiga kanisani. Dramu iko ubavuni kwangu, magitaa mawili mbele, kinanda upande wa pili, na nisipojisikia mwenyewe bendi nzima inayumba. Nikamwambia uzi wa tano nautumia sana kwa sababu sebene letu linashuka huko. Nikamwambia nataka kabineti yenye spika 4 za inchi 10, au 2 za inchi 12, isiyokoroma nikienda chini. Alicheka. Akasema inchi 10 ni za gitaa la solo, besi ni inchi 15, "kubwa ndiyo inatoa besi."

Ndugu Meneja, muulizeni huyo kijana Ampeg wanafanya nini tangu mwaka 1969 na lile kabati lao la SVT lenye spika 8, zote za inchi 10, limezibwa nyuma bila tundu. Ni la solo lile? Ukubwa wa spika moja hausemi kitu peke yake. Kuna jumla ya hewa inayosukumwa, kuna sanduku limejengwaje, kuna spika yenyewe inavumilia nini. Haya si ya chuo kikuu, ni mambo ambayo mtu anayelipwa mshahara kuuza spika anatakiwa ayajue kabla ya chai ya asubuhi.

Nikachukua inchi 15, kwa sababu alisema yeye ndiye mtaalamu na inchi 10 hazikuwepo dukani. Hili la mwisho nililijua baadaye. Laiti angesema tu "hatuna", ningesubiri mzigo.

Kutoka barabarani mpaka kwangu bajaji haifiki, ni mawe matupu. Lile sanduku tulilipandisha kwa mabega. Tukaliwasha. Uzi wa G safi, D safi, A nzuri. Nikagusa B wazi, ndio huo uzi wa tano, kitu kikaanza kupapatika mle ndani kama kuku aliyefungwa miguu. Sababu yake si siri. Besi ya kawaida ya nyuzi 4, ile aliyoitoa Leo Fender mwaka 1951, uzi wake mnene wa E unatetema kama mara 41 kwa sekunde. B yangu inatetema kama mara 31. Sanduku lenu lina tundu mbele, na sanduku la tundu hujengwa kwa mtetemo wake maalumu. Ukishuka chini ya hapo hewa ya ndani haiishikilii tena spika, karatasi inarukaruka ovyo na sauti haitoki. Inatoka mikoromo. Ndiyo maana nilisema mapema, kwa mdomo wangu, "isiyokoroma nikienda chini."

Kibandiko cha mbele kinapiga kelele wati 800. Geuza nyuma: kwa maandishi madogo, wati 200 za mfululizo, omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme; zikipungua, amplifaya inavutwa zaidi). Amplifaya nayo inatoa zile wati 500 ikiungwa kwenye omu 4 tu. Kwenye omu 8 inatoa karibu nusu. Nililipia wati 500, sikuzisikia hata siku moja.

Nilirudi kwenu. Siwanyimi haki yenu, mara hiyo nilipokewa vizuri, nikapewa na kiti. Dawa niliyopewa ikawa kuongeza kabineti ya pili, nyingine ya inchi 15, hii ya omu 4. Nikauliza kama amplifaya itavumilia. Kijana akachukua risiti, akaigeuza, akachora kwa kalamu ya bluu amplifaya, kabineti mbili na waya, kisha chini yake akaandika: "8 + 4 = 12, safi." Karatasi hiyo ninayo.

Fundi yeyote wa redio pale Makoroboi atawaambia kwamba kabineti mbili zikiungwa sambamba omu hazijumlishwi namna hiyo, zinashuka. Nane na nane zinakuwa 4. Nane na nne zinakuwa kama 2.67. Amplifaya yenu, pale pale kwenye tundu la spika, imeandikwa mwisho ni omu 4, isishuke chini ya hapo. Maana yake mlinichorea namna ya kuiunguza, mkaniuzia na kiberiti. Waya wa kuungia ulikuwa wa gitaa, ule mwembamba wa jeki. Nilipoulizia waya wa spika nikaambiwa waya ni waya. Waya wa gitaa umetengenezwa kubeba ishara ndogo kutoka kwenye besi kwenda kwenye amplifaya, si kupitisha mamia ya wati kwenda kwenye spika. Nilipoushika katikati ya shughuli ulikuwa wa moto.

Shughuli yenyewe ilikuwa Kirumba, nje, upande wa ziwani. Nje hakuna ukuta wa kukurudishia sauti, besi inakwenda zake majini, kwa hiyo nilifungua sauti kama mpiga besi yeyote angefanya. Bibi harusi yuko mlangoni mwa turubai, MC keshamtaja, taa nyekundu ikawaka na amplifaya ikazima. Ikapoa, ikarudi. Ikazima. Ikarudi. Mara ya mwisho ilitoa harufu na haikurudi tena. Bibi harusi aliingia kwa dramu na kinanda. Kamati ikatukata laki mbili, na mimi sikuwa na la kuwajibu.

Na hapo ndipo nilipokuja kwenu kwa adabu, nikitegemea waranti, nikakutana na yule msimamizi.

Narudia tukio hilo kwa makusudi, kwa sababu najua barua hii mtampa yeye aijibu, naye atasema alikuwa anatania.

Niliingia na amplifaya mkononi. Kijana ninayemfundisha besi alikuwa nyuma yangu, kabineti kichwani. Nikasalimia, hakuna aliyeitikia. Nikaeleza shida. Msimamizi hakuigusa amplifaya. Hakugeuza nyuma kusoma omu. Hakuuliza niliungaje. Alichukua besi yangu begani kwangu, bila kuomba, akaichomeka kwenye kile kiamplifaya cha mazoezi kinachokaa juu ya kaunta, akampa dogo mmoja aliyekuja kununua nyuzi. "Hebu mwonyeshe mzee." Dogo akaichapa kwa kidole gumba, huko juu juu, G na D, kwa madoido mengi. Dogo hana kosa, tena anapiga vizuri. Lakini uzi wa tano hakuugusa hata mara moja, na kiamplifaya kile kina spika ya inchi 8, hakina uwezo hata wa kuonyesha tatizo nililolileta. Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Msimamizi akaninyooshea besi yangu, kichwa cha besi kikiwa chini, akasema kwa sauti ya kutosha mpaka watu wa nje wasikie: "Umeona? Mzee wangu, chombo kizima. Kilichochoka ni vidole."

Wakacheka. Mwanafunzi wangu akabaki ameinamia viatu vyake, kabineti bado iko kichwani, hakuna aliyemwambia aishushe. Mimi ndiye niliyemfundisha asimjibu mtu mzima. Siku ile nilitamani anivunjie amri.

Nimepiga besi tangu msimamizi wenu hajaota meno. Nimepiga kumbi za Mwanza hii, nimepiga Ukerewe kwa jenereta linalokohoa, kwa spika za kuazima zilizoshonwa kwa gundi na gazeti, na hakuna aliyewahi kunisimamisha kaunta kama mtoto aliyekosea hesabu. Tena hesabu mliyokosea ni yenu: nane na nne, kumi na mbili, safi.

Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, kadi yangu ya waranti ikaandikwa "matumizi mabaya." Matumizi mabaya yapi? Kabineti mlichagua nyinyi. Waya mlinipa nyinyi. Mchoro mlichora nyinyi. Mimi nilichangia fedha.

Besi nabaki nayo, shingo yake imenyooka na pikapu zake, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zina sauti nzuri, ingawa hapo pia nilidanganywa. Niliuliza kama inatumia betri, nikaambiwa hapana, inajichaji kwenye amplifaya. Ikakata sauti katikati ya ibada. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikakuta betri ya volti 9 imekwisha. Nani kawaambia besi inajichaji?

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nataka kitu kimoja tu, mnibadilishie zile kabineti kwa ile niliyoomba tangu mwanzo, ya spika 4 za inchi 10, na mnitengenezee amplifaya kwa waranti. Basi. Nimeandika mpaka hapa na nimeona huo ni upole usiostahili. Sasa nataka fedha yangu yote: amplifaya 1,450,000, kabineti ya kwanza 900,000, ya pili 750,000. Jumla 3,100,000. Ongezeni laki mbili tulizokatwa Kirumba. Nataka yale maneno "matumizi mabaya" yafutwe kwenye kumbukumbu zenu. Na nataka msimamizi aniombe radhi pale pale kaunta, siku ya Jumamosi watu wakiwa wengi, mwanafunzi wangu akiwepo. Chumbani kwa meneja, kwa soda, sitaki.

Msinionyeshe kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi." Kibao hakifuti Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Mteja akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, akategemea ujuzi wa muuzaji, bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Mimi nilieleza mpaka uzi. Hicho kibandiko cha wati 800 nacho nitakipeleka Tume ya Ushindani, waseme wenyewe kama Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaruhusu kumwandikia mlaji wati 800 mbele na 200 nyuma.

Kuna jingine ambalo sikutaka kuligusa, lakini mmenifikisha. Risiti ya kabineti ya pili, ile yenye mchoro, ni ya mkono. Nilipoomba ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliambiwa mashine haina mtandao, na mpaka leo haijapata. Mimi si mtu wa kuchongea watu TRA. Nasema tu kwamba karatasi hiyo ina pande mbili, na kila upande una ofisi yake ya kuusoma.

Jibu liwe la maandishi, lenye saini na mhuri. Sitapokea ujumbe wa sauti wa WhatsApp wala "tunalifanyia kazi." Mwisho wangu ni Ijumaa ijayo saa 10 jioni. Ikipita, Jumamosi asubuhi nakuja na bendi nzima, kabineti zote mbili tunazishusha mlangoni kwenu, na kila mteja anayeingia tutamweleza kwa utulivu nini maana ya omu. Wapiga vyombo wa mji huu tunafahamiana, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, na wengi wao wanapanga kununua vyombo kabla ya msimu wa harusi.

Wenu katika biashara, kwa sasa,

(Saini)
Mpiga besi, Igogo

Nakala: Tume ya Ushindani (nitaipeleka Jumatatu, bahasha tayari imeandikwa).

N.B. Nimeambatanisha kivuli cha risiti ya mkono, mbele na nyuma. Yenyewe siitoi kwa mtu.