Desemba hii twende Maskati

Kariakoo, Jumapili usiku

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima. Bibi yako mguu umepungua uvimbe na anakusalimu sana. Barua yako niliipata Jumatano kwa mkono wa yule mama aliyekuja kumwona mwanawe, nikaisoma dukani nimesimama, kisha nikaisoma tena nyumbani nimekaa. Mnara uliouchora pembeni mwa karatasi niliutambua kabla sijafika kwenye jina lake. Burj Khalifa, mita 828. Halafu ukaandika kuwa likizo ya Desemba unataka twende huko: "Mama, Dubai wewe unapajua, hatutapotea."

Neno hilo ndilo lililonikalisha chini niandike, maana haya hayatoshi kwenye simu ya dakika tatu anayokupa mwalimu wa malezi hapo shuleni.

Dubai nimekwenda mara saba, baba. Nalijua soko la Deira. Najua godauni linalofunga mzigo vizuri na linalobana katoni mpaka vyombo vinafika vimepasuka. Najua chumba cha hoteli tunacholala wanawake watatu ili tugawane gharama, mabegi yamejaa mpaka mlangoni, anayetaka kwenda chooni usiku anayaruka. Mnara wako nimeuona dirishani mwa teksi, risiti ziko mapajani nazijumlisha. Mara saba, na mchanga wa ufukweni kwao sijaukanyaga.

Tukienda Dubai nitafanya kazi. Bora nikwambie mapema. Wateja wakishajua niko kule, simu itaanza: nichukulie mapazia, niulizie bei ya mashuka, kontena lina nafasi? Nami nitakwambia nakwenda saa moja tu narudi. Na wewe saa moja yangu unaijua.

Unakumbuka Nungwi. Ulikuwa na miaka tisa. Wiki ile mzigo wangu ulikwama bandarini, nikaishika simu tangu chai ya asubuhi. Ukachimba shimo mchangani, ukaniita nije nione maji yanavyoingia. Nikakunyooshea kidole: subiri. Nilipokata simu maji yalikuwa yamejaa, shimo halipo, nawe umekaa na taulo mabegani umenipa mgongo. Hukulia. Ungelia ningekubembeleza yakaisha siku ile ile. Miaka yote hii sijakuomba radhi kwa siku hiyo, na nakuomba sasa. Nisamehe, mwanangu.

Istanbul, chaguo lako la pili, nimelifikiria pia. Nako kuna watu wangu wa nguo pale Laleli, shida ni ile ile, na Desemba kwao ni baridi na mvua. London tuiache mpaka umalize shule.

Ndiyo nasema twende Maskati. Oman sina ninachonunua. Hakuna ninayemdai wala anayenidai.

Najua umekunja uso. Unadhani nakupeleka Seeb, pale pembeni mwa Maskati, kwa bibi mdogo, ukae sebuleni wiki nzima ukijibu maswali ya matokeo. Hapana. Tutakula kwake mchana mmoja tu, na kulala tutalala hoteli. Lakini huo mchana mmoja nautaka. Yeye ni katika wale waliokwenda baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi akawaita nyumbani Waomani walioko nje, na wengi wakatokea Unguja na Pemba. Ndiyo maana ukiingia dukani Maskati unaweza kukuta mzee wa kanzu anakujibu kwa Kiswahili, tena kile cha Unguja mjini. Nataka uulize njia mwenyewe, upatane bei ya teksi mwenyewe, mimi niko nyuma yako. Dubai ningekusemea kila kitu kwa Kiarabu changu cha dukani, ukawa mtoto wa kushikwa mkono.

Sasa nikwambie la kukupendeza. Wiki mbili hizi, tukishafunga duka, mimi na dada wa dukani tunaangalia video za Wadi Shab. Ni bonde katikati ya majabali, kwenye barabara ya kutoka Maskati kwenda Sur. Unavushwa kwa mashua ndogo, unatembea kwa miguu kama dakika arobaini na tano, mawe matupu, mitende chini, maji ya kijani kibichi. Mwisho wa njia unaogelea. Unapita kidimbwi kimoja mpaka kingine, hadi mwamba unakaribiana kiasi kwamba kinachopita ni kichwa tu juu ya maji. Ukishapenya, uko ndani ya pango, na maporomoko yanakumwagikia humo humo. Nilipoona kichwa cha mtu kinapenya pale roho ilinidunda, nikasema Idrisa hapa hatoki. Mimi kuogelea sijui, kwa hiyo nitakaa kwenye mawe ya kidimbwi cha kwanza na nguo zako, nikusubiri. Kaa hata saa mbili. Sharti langu moja: mawingu yakionekana milimani hatuingii, maana mvua ya mbali huleta maji bondeni ghafla, na kwa hilo sitasikiliza ubishi.

Mbele ya Sur kuna Ras al-Jinz, ambako kasa hupanda kutaga usiku. Hutaga mwaka mzima, ingawa wengi huja miezi ya joto, kwa hiyo Desemba tunaweza kuona mmoja au tusione hata mmoja. Mwongozaji anawapeleka gizani, bila tochi zenu. Na Sur yenyewe ndiko walikounda majahazi yaliyokuja kwetu na kaskazi, yakarudi na kusi. Babu yako alikuwa akiyataja, na mimi nilikuwa simsikilizi.

Kisha Nizwa, kilomita 160 hivi kutoka Maskati. Ngome yake ina mnara wa duara uliojengwa na Imam Sultan bin Saif, yule aliyewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650. Majeshi ya mwanawe ndiyo yaliyoitwaa Fort Jesus mwaka 1698, hiyo umeisoma. Ngazini juu ya milango wameacha matundu: adui akipita chini, anamwagiwa asali ya tende iliyochemka. Hiyo kwenye kitabu chako haimo. Ijumaa alfajiri kuna mnada wa mbuzi, wenye mbuzi wanawazungusha na wanunuzi wamekaa duara. Miaka yote nimeuza na kununua, natamani asubuhi moja niutazame mnada bila kufungua pochi. Tukitoka hapo, Seeb iko njia ile ile, tutamfikia bibi wakati wa chakula.

Fedha ipo, usiulize kama nimekopa. Kikoba kilivunjwa mwezi uliopita na fungu langu sijaligusa. Ila rial ya Oman ni pesa nzito, moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, kwa hiyo viatu vya bei mbaya havimo kwenye safari hii. Na lazima iwe mwaka huu. Kiangazi chao joto linapita nyuzi 40, Desemba ndiyo kuna hewa nzuri. Na mwakani wewe ni kidato cha nne, baada ya hapo sijui likizo zako zitakuwa na nafasi ya mama.

Laini ya biashara nitaiacha kwa dada wa dukani. Nimeshamwambia, na yeye amefurahi kuliko mimi.

Kama bado moyo wako uko kwenye mnara, niambie. Nimekueleza yangu, nawe nieleze yako, na nitayapima kweli. Ila usikubali kwa kunionea huruma.

Siku ya kutembelewa nakuja na fomu ya pasipoti. Ni shilingi 150,000, cheti chako cha kuzaliwa ninacho, na baba yako nimeongea naye, ridhaa ataisaini. Kinyozi akukate nywele kabla ya picha. Na niandikie namba ya kiatu chako cha sasa, si ya mwaka jana, nikutafutie ndala za kufunga nyuma, zisizoteleza kwenye mawe.

Mama yako