Taa ya urujuanimno imulike maji, isimulike samaki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie taa za mionzi ya urujuanimno (kwa Kiingereza "ultraviolet" au UV), ambazo siku hizi zinauzwa hapa Moshi na kule Arusha pamoja na matangi, pampu na vyakula vya samaki wa mapambo, na ambazo wauzaji wengi huziita kwa jina moja tu la "taa ya kuua vijidudu". Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa baiolojia na nimefuga samaki kwa miaka mingi, watu huniuliza kama taa hizo zinawadhuru wanyama walio ndani ya tangi. Huwajibu kwamba taa haina kosa maadamu inamulika maji bila kummulika mnyama, na kwamba madhara niliyoyashuhudia, yakiwemo yaliyonipata mimi mwenyewe, yalitokana na kutoijua tofauti hiyo.

Mionzi ya urujuanimno si ya aina moja. Iko ya A, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 315 hadi 400 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Iko ya B, ya nanomita 280 hadi 315. Na iko ya C, iliyo chini ya hapo. Mionzi ya A hutufikia kwa wingi kutoka kwenye jua, na baadhi ya mbuna, samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Nyasa, wana macho yanayoweza kuiona, kwa hiyo si kitu kigeni kwa samaki. Ya B hufika kidogo, nayo ndiyo hasa inayobabua ngozi. Ya C haifiki kabisa duniani, kwa sababu huzuiwa na oksijeni na ozoni huko juu, na taa za kuua vijidudu hutoa aina hiyohiyo, kwenye nanomita 254 hivi, ambayo huharibu vinasaba ndani ya chembe hai. Mionzi hiyo haichagui baina ya chembe ya kijidudu na chembe ya samaki. Sisi angalau ngozi yetu ya juu ni tabaka la chembe zilizokwisha kufa. Ya samaki ni chembe hai zilizofunikwa na ute tu, na macho yake hayana kope za kufumba.

Mimi nilijifunza hayo kwa gharama. Nilinunua taa ya namna hiyo dukani, ikiwa tupu, bila kasha na bila maelezo ya Kiswahili, na muuzaji akanihakikishia kwamba nikiifunga juu ya tangi maji yatakuwa meupe kama ya chemchemi. Nikaifunga juu ya tangi lisilo na kifuniko, nikaiwasha jioni, nikakaa karibu nusu saa nikilisha samaki na kukwangua mwani kwenye kioo huku taa ikiwaka juu ya mikono yangu. Usiku wa manane niliamka macho yakiwaka kama yaliyotiwa mchanga, machozi yakinitiririka, nisiweze kutazama hata mwanga wa simu. Asubuhi jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, alinitazama mara moja tu akauliza, "Mwalimu, nani kakuchomelesha bila miwani?" Hakukosea, kwa sababu moto wa kuchomelea hutoa mionzi ya jamii hiyohiyo, na macho huanza kuuma saa kadhaa baadaye, wakati mtu amekwisha kusahau alichokitazama. Mimi nilipona baada ya siku mbili. Gapi wangu, ambao kwa kawaida hukaa juu karibu na uso wa maji, walikuwa wamejibanza chini ya jiwe, macho yao yameingia ukungu na mapezi yamechakaa pembeni, na wawili kati yao walikufa.

Sasa nieleze matumizi yaliyo sahihi, maana sitaki msomaji aondoke akidhani chombo hiki hakifai. Taa hukaa ndani ya kasha lililofungwa lisilopitisha mwanga, ikiwa imevikwa bomba la kioo maalumu kinachopitisha mionzi hiyo, kwa kuwa kioo cha kawaida huizuia. Pampu husukuma maji yaliyokwisha kupita kwenye chujio, yakapita kandokando ya bomba hilo, kisha yakarudi kwenye tangi. Samaki hawaoni chochote. Maji nayo hayabaki na sumu wala mionzi, kwani mwanga ukishapita umepita. Wapo wanaohofia kwamba bakteria wazuri wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki watauawa pia. Hao hukaa wamejishikiza kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe, hawaelei, kwa hiyo taa haiwafikii.

Lakini kasha hilo lina mipaka ambayo muuzaji hakuambii. Huua kile tu kinachopita ndani yake. Mwani unaoelea na kuyafanya maji kuwa ya kijani huondoka vizuri, ila ule ulioganda kwenye mawe hautikisiki. Ugonjwa wa madoa meupe nao ni hivyohivyo: kimelea kilichokwisha kuingia kwenye ngozi ya samaki hakiguswi, kinachoweza kuuawa ni kile kichanga kinachoogelea kutafuta samaki wa kumwingia, na hata hicho kinahitaji maji yapite taratibu kuliko yanavyopitishwa kwa ajili ya mwani. Dawa nyingine huharibiwa na mionzi, kwa hiyo anayetibu samaki huzima taa kwanza. Tena ule mwanga wa buluu tunaouona si mionzi yenyewe, ambayo jicho haliioni. Taa iliyochoka huendelea kuwaka buluu ya kupendeza huku haiui kitu. Taa inayowashwa usiku na mchana huhitaji kubadilishwa baada ya saa 8,000 hadi 9,000, yaani mwaka mmoja hivi, na kwa kuwa nyingi zina zebaki ndani, isipondwe wala kutupwa jalalani pamoja na maganda ya ndizi.

Wafugaji wa kobe wa majini wana shida ya upande wa pili kabisa. (Suala la kibali cha kumfuga mnyamapori nawaachia wenyewe.) Kobe huhitaji mionzi ya B ili mwili wake utengeneze vitamini D na kutumia madini ya chokaa (kalisi) ya kwenye chakula, akiikosa, gamba hulainika na mifupa hupinda. Nimeona tangi la kobe likiwekwa dirishani kwa imani kwamba jua linamtosha, kumbe kioo cha dirisha huzuia karibu mionzi yote ya B na kumwachia mnyama joto tu. Sisi tulio nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta hatuna haja ya kununua jua. Kobe atolewe nje asubuhi, kwenye beseni lenye maji na upande wa kivuli wa kukimbilia. Kivuli hicho ni muhimu pia kwa wenye vibwawa vya perege vyenye maji machache na maangavu, hasa Arusha, ambako mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na jua la saa sita lina ukali kuliko hewa yake ya baridi inavyomfanya mtu adhani.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo, wala halihitaji kungoja kanuni mpya. Wasiuze taa ya kuua vijidudu bila kasha lake, na juu ya boksi wabandike karatasi, hata ikiandikwa kwa kalamu, yenye maneno haya: "Taa hii huwaka ndani ya kasha lililofungwa tu. Usiiwashe juu ya samaki, wala usiitazame. Kabla ya kufungua kasha, chomoa waya kwenye umeme."

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Majengo, Moshi